Ishirini kwa Ishirini

Daktari Ramzi alikuwa na mazoea ya kukushika kifundo cha mkono anapokuambia uvute pumzi, na kiganja chake kilikuwa na jasho baridi majira yote, hata Januari. Kila alipogeuka nilijifuta kwenye kizibao changu. Chama kilimleta kutoka Beirut atutengeneze akili, maana mikono yetu, walisema, haina tatizo. Basi kila Jumatatu wanawake sita wenye bunduki za marisau tulikaa kwenye viti vya plastiki nyuma ya uwanja wa shabaha, tumefumba macho, tukiambiwa tuingie kwenye chumba cheupe kilichomo vichwani mwetu. Chumba changu mimi hakikuwahi kuwa cheupe. Kilikuwa na mtu ndani, naye alikuwa akihesabu. Nilimwambia Daktari hivyo, akaandika kwenye daftari lake, akaniambia nimwombe huyo mtu atoke kwa upole.

Nasema haya mapema ili isije ikadhaniwa nilifanya nilichofanya kwa kutojua. Nimelenga visahani miaka kumi na minne. Unasimama kwenye kituo, unaweka risasi mbili, unaita. Sauti yako inaingia kwenye kipaza sauti, mashine iliyomo ndani ya handaki mbele yako inarusha kisahani cha udongo, hujui kitakwenda kulia, kushoto au katikati, na muda ulio nao haufiki hata sekunde moja. Kikivunjika, vizuri. Kisipovunjika, refa anapiga honi, nawe unasogea kituo kinachofuata huku wenzako wakijifanya hawakusikia. Hivyo hivyo mpaka vifike ishirini na tano, na hiyo ni raundi moja. Mtoto wa miaka kumi na mbili anaweza kufundishwa kuvunja kisahani kimoja kwa alasiri moja. Kuvivunja vyote ishirini na tano, watu wanazeeka wakitafuta.

Na kinachonitia kinyaa katika mchezo huu si moshi wala kelele. Ni sisi wenyewe. Yupo anayekohoa. Yupo anayefunga bunduki yake kwa kishindo pale tu unapovuta pumzi ya kuita. Yupo anayetupa maganda yake ya risasi kwenye pipa moja baada ya jingine, taratibu, kama anayepanga mayai, ili mwendo wa kikosi kizima uvurugike. Tulikuwa na mmoja aliyejipaka mafuta ya udi mengi kupita kiasi kabla ya raundi, ili anayemfuata asimame ndani ya harufu yake na machozi yamlenge. Refa angemfanya nini? Hakuna kanuni ya kumwadhibu mtu kwa kunukia. Miaka yote hiyo niliwatazama watu wa namna hiyo kwa jicho lile lile ninalotazamia unywele kwenye wali. Nilikuwa nikijisemea, na mara nyingine nikiwaambia na wengine, kwamba mimi Anfal nikishindwa nitashindwa kwa bunduki yangu mwenyewe.

Lakini kuna jambo ambalo hata hao wa kukohoa hawalifanyi. Kwetu hakuna anayemtajia mwenzake hesabu. Ubao wa matokeo uko nyuma yetu, unawaka mchana kutwa, na sisi tunapita mbele yake tukitazama viatu vyetu. Kocha hataji. Mama mzazi hataji. Mume akikupigia simu kati ya raundi anauliza kama umekula. Mtu akiwa hajakosa hata kimoja, watu humsogelea wakizungumzia hali ya hewa, kwa sababu anayejua namba yake jicho lake huacha kisahani na kwenda kukaa kwenye namba.

Mimi hayo sikuyasoma kwenye kitabu. Yalinipata Muscat. Nilikuwa nalenga kwa namna nisiyoamini, na mkandaji wetu, mama mmoja mwema kabisa, akanipa taulo na kuninong'oneza: "Vimebaki vinne tu, Anfal, mashallah." Kati ya vinne nilikosa vitatu. Nilirudi Kuwait nikiwa wa tisa, na yule mama alilia kuliko mimi. Ndiyo maana sikuwahi kuamini sana habari za kijicho ambazo wenzangu wanaziamini mpaka kwenye mifupa. Mashallah yake alikuwa ameisema, tena kwa roho safi. Kilichonimaliza ni ile nne.

Wadha alikuja kwetu miaka mitatu iliyopita. Kaka yake mkubwa, Dhari, alimleta kutoka Jahra akiwa amevaa kizibao cha huyo kaka, kimemfika karibu na magoti. Alikuwa na miaka kumi na tisa, mbishi, mwepesi wa kucheka, na jicho lake lilikifikia kisahani kabla ya langu. Hilo liliniuma siku ile ile ya kwanza, wala sitaficha. Hata hivyo nilimfundisha. Nilimrekebisha kitako cha bunduki begani, nikamfundisha asitazame mahali pamoja bali aache macho yalegee juu ya handaki, na nikamwambia asihesabu.

"Sasa dada, kichwa changu nikifanyeje kati ya risasi na risasi?" aliniuliza. "Mimi kichwa changu hakikai bure."

"Imba."

"Niimbe nini?"

"Chochote kisicho na namba."

Akachagua ule wimbo wa watoto wa katikati ya Ramadhani, wa kupita mlango kwa mlango kuomba karanga na peremende. Aliuimba bila sauti, midomo ikicheza tu, akiwa amesimama na bunduki iliyofunguliwa mkononi. Bazza, ambaye ana miaka arobaini na mdomo usio na breki, hakuweza kunyamaza.

"We Wadha, umekuja kulenga au kuomba karanga?"

"Nawaombea nyinyi, shangazi. Naona mmekonda kwa kukosa."

Tulicheka mpaka Kapteni Falah, kocha wetu, akatoka ofisini kuja kutazama kuna nini. Mwaka ule Wadha alikuwa akinipigia simu kila alipotoka mazoezini. Mama yake alinitumia siagi ya kondoo kwenye chupa, na kwa simu aliniita binti yake. Nilizipenda simu zile na niliipenda siagi ile.

Mwezi wa pili mwaka huu ukafika mchujo wa timu ya mashindano ya Asia. Nafasi zilikuwa tatu. Bazza aliichukua moja mapema, na dada mmoja wa Salmiya akachukua ya pili. Ya tatu ilibaki kati yangu na Wadha, na ingeamuliwa na raundi ya tano, ya mwisho, siku ya Alhamisi asubuhi. Mimi nilikuwa na miaka thelathini na sita. Kapteni Falah alikuwa ameshanidokezea kwa ule upole wake wa kuudhi kwamba kuanzia mwaka ujao chama kinataka damu changa. Kwa Wadha, kukosa kungekuwa kusubiri miaka miwili. Kwangu mimi kungekuwa mwisho, nibaki yule mwanamke anayealikwa kukabidhi maua.

Tulipangwa kikosi kimoja, mimi wa pili kwa zamu na yeye wa tatu, kwa hiyo kila nilipomaliza kupiga yeye ndiye aliyefuata. Niliianza raundi ile nikimzidi kwa kisahani kimoja. Upepo ulikuwa unatoka jangwani, haukuwa mkali, lakini ulikuwa ukiviinua visahani vinapotoka na kuviangusha ghafla. Nilikosa cha sita. Nikajiambia nimesahau tayari. Nikakosa cha saba, maana mtu anayejiambia amesahau hajasahau kitu. Yule mhesabuji wa ndani alishaanza kazi: sasa uko chini kwa kimoja, ukikosa tena viwili, Kapteni anakutazama, usimtazame. Nilivuta pumzi za Daktari Ramzi nikasikia harufu ya baruti na ya jasho langu mwenyewe, nikajichukia. Cha kumi na tano nacho kikaenda zake kizima, kikaanguka mchangani bila hata kupasuka, na honi ikalia.

Nyuma yangu, kila mara, nilisikia "Hop!" ya Wadha, nyepesi, kama mtu anayemwita paka, kisha mlio mmoja. Mmoja tu. Risasi ya pili hakuihitaji.

Tulipomaliza mizunguko minne, yaani visahani ishirini kila mmoja, mimi nilikuwa nimekosa vitatu na yeye hajakosa. Alikuwa mbele yangu kwa viwili na vilibaki vitano. Na mimi, ambaye sitakiwi kujua, nilijua yote hayo kama ninavyojua umri wangu.

Hapo ndipo mashine ikagoma. Mkono wa kurushia ulikwama kwenye kituo cha kwanza, refa akanyanyua mkono, mafundi wawili wakashuka handakini na spana. "Dakika kumi," akasema. Tukafungua bunduki, tukaziweka kwenye kishikilio, tukaenda kukaa kivulini.

Wadha alikaa mwisho wa benchi, macho kayafumba, midomo ikicheza. Alikuwa bado yuko kwenye karanga na peremende zake. Wengine walikuwa mbali kidogo, Bazza akilalamika juu ya kiatu. Nilichukua chupa yangu ya maji nikaenda kukaa karibu naye. Natamani niweze kusema nilikwenda kwa sababu nyingine na maneno yakanitoka tu. Hapana. Niliyapanga nikiwa natembea, hatua nane au tisa, nikayapanga vizuri, hata nikaamua niyaseme kwa sauti ya dada.

"Wadha."

Akafumbua macho, akatabasamu. "Naam, dada. Umeona upepo huu? Una wazimu."

"Unajua umepiga ishirini kwa ishirini?"

Tabasamu halikuondoka mara moja. Lilibaki pale usoni huku macho yakinitazama, yakisubiri. Kwetu ukimsifia mtu, iwe mtoto wake, gari lake au hata pilau lake, unaongeza mashallah, na usipoongeza anayesifiwa anasimama akiisubiri kama anayesubiri chenji. Nilimwona akisubiri. Nikafungua chupa nikanywa maji, taratibu.

"Dada," akasema, akicheka kidogo, "sema mashallah basi."

"Vinne tu," nikamwambia. "Ukipata vinne, nafasi ni yako. Hata nikivunja vyote."

Nikampiga begani kwa upendo. Kweli, nilimpiga begani. Kisha nikainuka nikaenda kumsikiliza Bazza na habari za kiatu chake, na nilimwonea huruma Bazza kwa malengelenge yake, nikamshauri avae soksi mbili.

Nimeshawahi kusafisha tumbo la kondoo, nimeshawahi kumwogesha bibi yangu miezi yake ya mwisho, na sikuwahi kuhisi karaha kama ninayohisi nikiukumbuka mkono wangu pale begani kwake. Lakini hiyo ni sasa. Wakati ule sikuhisi kitu.

Mafundi wakatoka handakini, refa akatuita. Na hapa ndipo panaponichefua kuliko pote: nililenga vizuri. Niliingia kituoni, macho yakalegea yenyewe juu ya handaki, kichwani kukawa kimya, kweupe kabisa. Chumba cha Daktari Ramzi nilichokitafuta miezi saba nilikipata asubuhi ile. Yule mhesabuji alikuwa ametoka. Alikuwa amehamia kwa Wadha. Niliita, kisahani kikatoka kulia, nikakivunja kikawa unga. Nikatoka na kumpisha.

"Hop," akasema Wadha, na sauti ilikuwa ya mtu mwingine, imebana. Risasi ya kwanza ikapita chini. Ya pili ikakikata kipande kidogo, ambacho kinatosha. Hakuwahi kuhitaji ya pili asubuhi yote.

Cha ishirini na mbili nilikivunja. Yeye alikipigia risasi zote mbili na kikaenda. Honi. Kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya: aligeuka akautazama ubao. Kapteni Falah aliyekuwa amesimama nyuma ya uzio alifumba macho kama aliyejikwaa kidole. Midomo ya Wadha ilikuwa inacheza bado, lakini mimi najua kusoma midomo inayohesabu, nimeishi nayo.

Cha ishirini na tatu, nikavunja, yeye honi. Cha ishirini na nne alikivunja, kwa hasira, na nilimsikia akipumua. Kama angekivunja cha mwisho tungelingana na tungepiga tena. Nilivunja changu cha mwisho kwanza, nikafungua bunduki, ganda likaruka likanigonga kidevuni likiwa la moto, nikatoka. Alikaa muda mrefu bila kuita, mpaka refa akatazama saa yake. Alipoita kisahani kilitoka katikati, kimenyooka, rahisi kuliko vyote, kile tunachomfundishia mgeni. Alikikosa kwa mbali. Nilikuwa nimempita kwa kimoja.

Kapteni Falah alikuja na mikono miwili imenyooshwa mbele. "Hiyo ndiyo akili!" alipaza sauti. "Mnaona? Chini kwa viwili, na hakutetereka! Hiyo ndiyo mnayopaswa kujifunza!" Daktari Ramzi alikuja nyuma yake, akanishika kifundo cha mkono kwa kile kiganja.

"Uliingia chumbani," akasema. "Nilikuona ukiingia."

"Niliingia."

"Na ndani kulikuwa na nini?"

"Hakukuwa na mtu," nikamwambia. Akafurahi, akasema atalitumia jambo hilo kwenye somo lake. Sikuufuta mkono. Niliona hana uchafu wa kunipaka.

Wanawake tuna ukumbi wetu pale, wenye makochi, mazulia na dirisha linalotazama maegesho. Nilipoingia wote walikuwemo, wameshavua vizibao, kahawa inazunguka. Wadha alikaa sakafuni, mgongo kwenye kochi, macho mekundu lakini makavu. Mama yake alikuwa amefika na Dhari kuja kumchukua. Mama Dhari ni mwanamke mfupi, mpana, wa maneno machache ya haraka, na mkononi alikuwa na chupa ya maji iliyojaa robo.

"Binti zangu, simtuhumu mtu," alikuwa akisema. "Wallahi simtuhumu mtu. Lakini mtoto kapiga tangu asubuhi hajakosa, ghafla mikono ikamfa. Hilo si la upepo. Mnipe mabaki yenu, Mungu awajalie."

Kwetu jambo hili ni la kawaida. Mtu akihisi amepigwa jicho, jamaa zake hukusanya mabaki ya vikombe vya wote waliokuwepo, wakayachanganya na maji, naye aliyepigwa akanywa au akajimwagia. Jina halitajwi. Inachukuliwa kwa kila mmoja, ili mwenye jicho awemo humo bila kuaibishwa. Ila mtu akikitoa kikombe chake bila kuombwa, huyo amejitaja mwenyewe.

"Chukua, Mama Dhari, chukua," Bazza alisema akimimina matone yake kwenye chupa. "Ila kijicho changu mimi hakifiki hata jikoni kwangu. Kingekuwa kinafika, yule mke wa shemeji yangu angekuwa ameshavunjika nyonga."

Watu wakacheka, hata Wadha akacheka kidogo. Vikombe vikatoka kimoja kimoja. Dada wa Salmiya akatoa chake, mwandishi wa matokeo akatoa chake, mama wa kusafisha ukumbi aliyepita na ndoo naye akaombwa, akatoa chai yake kwa heshima. Mama Dhari akafika mbele yangu na ile chupa iliyokuwa sasa na rangi ya maji ya mtaro.

"Mama, muache dada Anfal," Wadha akasema kutoka sakafuni.

"Nachukua kwa wote, si vibaya."

"Huyu muache. Huyu ndiye aliyenifundisha kushika bunduki. Alikuja kunipa moyo pale benchini, wengine wote walinikimbia." Akanitazama. "Samahani, dada. Nimekuangusha. Uliniambia vinne tu, nikashindwa hata vitatu."

Mama Dhari alinishika shavu. Mkono wake ulikuwa mkavu na wa moto. "Mungu akulipe, binti yangu," akasema, akapita kwenda kwa mwanamke aliyefuata.

Nilikuwa na kikombe mkononi, na chini yake kahawa ya kiasi cha kijiko. Kuna watu wanasema jambo baya likikukaa kifuani ukilitoa unapona. Labda ndicho nilichokitaka, kupona. Sijui. Ninachojua ni kwamba nilikinyoosha kikombe.

"Mama Dhari. Chukua na changu."

Mama Dhari aligeuka, akakitazama kikombe, akanitazama mimi, na mkono wake wenye chupa ukashuka. Wadha hakuelewa kwa sekunde moja hivi. Kisha nikaona uso wake ukirudi nyuma mpaka kule benchini, ukipita neno kwa neno.

"Hukusema mashallah," akasema. "Nilikuomba na hukusema."

"Sikusema."

"Na ile namba. Ulijua itanifanya nini?"

"Nilijua. Iliwahi kunipata mimi."

"Kwa hiyo ulinifuata mpaka pale kwa ajili hiyo."

"Ndiyo."

"Astaghfirullah," Bazza akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kujua kama anayo.

Wadha aliinuka. Nilidhani atanipiga, na nilitaka anipige. Aliichukua ile chupa mkononi mwa mama yake, akaenda kwenye sinki, akamwaga mabaki ya wanawake wote, akaisuuza mara mbili, akajaza maji kidogo, akarudi akanisogezea mdomo wa chupa. Nikamimina kahawa yangu. Akafunga kizibo. Hakunywa.

"Haya," akasema. "Umeniambia mimi. Sasa kamwambie Kapteni, yuko hapo nje ya mlango. Mwambie hivi hivi, maneno haya haya. Turudie raundi. Nikishindwa, nimeshindwa."

Ukumbi mzima ulinitazama. Nje niliisikia sauti ya Kapteni Falah akicheka na Dhari. Mpaka mlangoni ni hatua kama kumi na mbili. Mle ndani nimetembea miaka kumi na minne. Nilikuwa nimeshafungua kinywa kumwambia Wadha sawa, nakwenda. Na yule mhesabuji akarudi, hana haraka, akakaa mahali pake. Miaka thelathini na sita, akasema. Nafasi moja. Raundi nzima upya, visahani ishirini na tano kwa ishirini na tano, na msichana huyu sasa ana hasira, na hana tena cha kuhesabu.

"Wadha," nikasema, "wewe una miaka ishirini na miwili."

Alingoja kuona kama nina la kuongeza.

"Nilidhani umekitoa kikombe kwa ajili yangu," akasema. Akamshika mama yake mkono, wakachukua mifuko yao. Mama Dhari alipopita alivuta abaya yake upande wake ili isiniguse. Mlango ukafungwa. Bazza alikuwa anatazama malengelenge yake.

Kisha mlango ukagongwa, na Kapteni Falah akaita kutoka nje, kwa furaha: "Anfal! We Anfal! Njoo na pasipoti, fomu ya timu inakwenda leo."

Nilifungua mkoba, nikaitafuta pasipoti chini ya sanduku la risasi, nikaipata, nikatoka nayo. Aliniuliza jina la baba yangu linaandikwaje. Nikamtajia, herufi moja moja, mpaka mwisho.